Jina la Kijiji Mdomoni mwa Wifi

Wifi yangu 'Makhopotso aliletwa kwetu juu ya farasi wa kuazima, amejifunga blanketi jipya, macho ameyafumba. Wazee walimsifu, wakasema huyo ni bibi harusi mwenye haya. Haya gani? Alikuwa anaogopa korongo. Alizaliwa tambarare za Leribe, ambako mtu akitoka nje ya nyumba yake anatembea tu kokote anakotaka. Kwetu ukitoka nje una hatua mia mbili za kwenda mbele, halafu ardhi inakwisha, na mto Senqu uko chini unanguruma. Nyuma ya nyumba ni jabali. Sisi tuko katikati, nyumba kumi na tisa kwenye kibaraza cha mlima, na mashamba yetu ni vipande ambavyo ng'ombe wa kulima akigeuka vibaya anaanguka.

Watu wa tambarare hupenda kutuuliza kwa nini tulijenga hapo, kana kwamba tulipewa orodha tukachagua. Ardhi nzuri ilichukuliwa na wenye bunduki nyingi. Mabonde ya ndani walishayawahi wengine. Babu wa baba yangu alipofika na ng'ombe wake waliobaki, alikuta chemchemi chini ya mwamba na jua la kutwa nzima, akateremsha mizigo. Ng'ambo ya mto mlima ni uleule na udongo ni uleule, ila umelipa jua kisogo. Theluji ikianguka huko inakaa wiki tatu, kwetu kesho yake imeyeyuka. Hakuna Mosotho mwenye akili timamu aliyejenga upande wa kivuli. Kwa hiyo barabara ilipokuja ilipita huko, kwenye nafasi, na zahanati ikaifuata barabara. Sisi tukabaki na jua letu.

Babu huyo aliitwa Letsatsi, yaani Jua, na kijiji kikaitwa Ha Letsatsi. Baba yangu alirithi jina lake. Na mke kwetu hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno lolote linalofanana nalo, hata mzee akifa. Akifa ndiyo zaidi. Sasa fikiria mateso ya wifi: kijiji anachoishi hawezi kukitaja, na jua linalomchoma utosini hawezi kulitaja pia. Kijiji alikiita Lefikeng, Mwambani, kama walivyokiita wake wote walioolewa pale. Jua alilitungia jina lake mwenyewe, akaliita Kianikio.

Mimi ni binti wa nyumba. Jina la baba nililitamka nilivyotaka, na ndoa yangu iliponishinda nikarudi nyumbani nikiwa na muda mwingi wa kumchokoza. Nilimtegea kila siku.

"Wifi, mbona joto hivi? Nini kimechomoza?"

"Kianikio."

"Kianikio cha nani?"

"Cha shangazi wa watoto wangu, anayeuliza maswali huku ugali wake unaungua."

Hakuteleza hata mara moja kwa miaka ishirini na miwili. Alizaa watatu, wa kwanza Khopotso, akazika mama mkwe, akajifunza kuteremka kivukoni na gunia kichwani bila kuangalia miguu. Ukimwona ungedhani alizaliwa na mbuzi wa pale. Mumewe, kaka yangu Khethisa, alikuwa migodini Afrika Kusini muda mwingi wa miaka hiyo, anakuja Krismasi na Pasaka, na kwa sababu Krismasi mto umejaa, mara nyingi alikuja Pasaka tu.

Migodi ilipowapunguza watu alirudi moja kwa moja, akavaa ukuu wa kijiji ambao ulikuwa unamsubiri tangu baba afariki. Alirudi na kifua. Muuguzi wa zahanati alimpima akasema ni kifua kikuu, na kwamba dawa zipo na zinaponya, sharti ameze kila siku bila kukatiza, na kila mwezi aonekane pale. Alianza mwezi wa saba. Mwezi wa kumi na moja mvua zikaja, Senqu ikafunga kivuko, naye akakatiza mpaka mwezi wa nne. Si kwamba hatukuambiwa. Zahanati tunaiona. Tukikaa ukingoni tunaona ukuta wake mweupe, tunaona hata kama muuguzi amefungua dirisha. Lakini korongo letu lina mawe yasiyoruhusu mtumbwi, na farasi huvuka miezi ya baridi tu. Daraja la karibu liko juu, kuelekea chanzo cha mto, safari ya siku mbili kwa farasi, na vijito vya njiani navyo hujaa.

Mwaka wa pili muuguzi alimwambia kaka yangu waziwazi. Akikatiza tena, dawa hazitamsikia.

Ndipo tukasikia habari za daraja. Madaraja ya miguu, yale ya kuning'inia kwenye nyaya nene za chuma, yangejengwa kwa vijiji ambavyo mto unavifungia. Karani angepita kuviandika. Wifi alifagia ua kila asubuhi kwa wiki mbili akimsubiri huyo mtu. Nilimtania kwamba anamsubiri mchumba, akasema mchumba hana faida, huyu anakuja na chuma.

Alikuja siku ambayo hatukuwepo. Theluji ilikuwa imewanasa kondoo malishoni juu, wanaume wote wamepanda kuwafukua. Khethisa alikuwa ng'ambo kuchukua dawa. Mimi nilikwenda nyuma ya jabali kuokota samadi kavu ya kukokea moto. Niliporudi nilimkuta wifi amesimama mlangoni anang'aa uso.

Alinieleza yote. Kijana wa mjini, koti la ngozi, farasi wa kukodi, midomo imepasuka kwa baridi. Alimpa uji wa mtama akanywa akiwa amesimama. Aliuliza nyumba ngapi, watoto wangapi wa shule, mto unafunga miezi mingapi. Aliandika kila kitu.

"Akauliza na jina la kijiji?" nikamuuliza.

"Akauliza. Nikamwambia Lefikeng."

"Na mkuu wa kijiji?"

"Baba Khopotso."

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Nilimwonea huruma huyo kijana, amepanda mlima wote ule akaondoka na majina mawili ya jikoni. Wifi hakucheka. Aliangalia njia ya kivukoni, halafu akaniangalia mimi.

"Lakini wanajua, wifi? Serikali ina ramani yake. Si wanajua ni wapi?"

"Wanajua," nikamjibu, nikaenda kukoka moto.

Karani alikuwa bado upande wetu. Ningekimbia ningemkuta kivukoni anakaza tandiko. Mimi ndiye mtu mzima pekee kijijini siku ile ambaye mdomo wake ungeweza kulitoa jina lile, na nilikuwa napuliza samadi.

Mwezi wa kumi malori yalionekana ng'ambo. Kijiji kizima kilikaa ukingoni kuyaangalia. Nguzo za chuma, marundo ya nyaya, mifuko ya saruji chini ya turubai. Yaliifikia zahanati yakaipita. Tukasema labda wanatafuta pa kugeuzia. Kesho yake mengine yakapita. Khethisa alikuwa amekonda, blanketi linamzunguka mara mbili, lakini aliamka kila asubuhi kuangalia barabara ile, na kila jioni alisema labda wameanza na kijiji cha chini ndipo waje kwetu. Vidonge vyake vilikuwa vya kumfikisha katikati ya mwezi wa kumi na moja.

Ulipoingia mwezi huo tulivuka watatu: Khethisa juu ya farasi, mimi na wifi tumeshika mkia, maji kiunoni. Tulimwacha kaka zahanati, sisi tukatembea kutwa nzima kufuata alama za magurudumu. Mabonde matatu chini ya kwetu mto unapanuka unatulia, na ng'ambo yake kuna kijiji kizuri chenye mtumbwi wake. Hapo ndipo tulipokuta nguzo zimesimama ndani ya saruji. Watu wa kijiji walikuwa wamechinja kondoo kwa furaha. Tukauliza ni wapi hapa. Wakatuambia: Lefikeng.

Katika nchi yetu mahali penye mwamba ni pengi kuliko pasipo. Lefikeng zipo nyingi, nami nilijua hilo tangu utoto wangu.

Msimamizi wa kazi alikuwa mtu mzima, mpole, kofia ya chuma imemkaa upande. Alitutafutia magogo tukakaa. Alitoa karatasi akatuonyesha: Lefikeng, nyumba kumi na tisa, mkuu wa kijiji Rakhopotso, yaani Baba Khopotso. Alisema hata yeye alishangaa kidogo, maana hapa nyumba ni zaidi ya arobaini na huyo Rakhopotso hakuna anayemjua, ila makarani hukosea hesabu na majina kila siku.

"Jina la kijiji ndilo hili na hapa ndipo," akasema. "Sasa ninyi mnatoka wapi?"

Nilifungua mdomo. Wifi akanishika mkono kwa nguvu, akasimama.

"Kwetu ni Ha Letsatsi," alisema.

Jenereta ilikuwa inanguruma nyuma yake. Msimamizi akaweka kiganja sikioni. "Ha nani?"

"Letsatsi."

Miaka ishirini na miwili nilimwekea mitego nilisikie neno hilo likitoka kinywani mwake, na siku lilipotoka nilitamani kumziba mdomo. Alikuwa amesimama wima, mikono imeshuka ubavuni, machozi yanamtoka bila kuyafuta. Msimamizi, mtu wa kwetu, aliangalia blanketi lake la mwanamke aliyeolewa, akaelewa alichokifanya. Akavua kofia.

Alileta ramani. Akaitandaza juu ya mifuko ya saruji, akatafuta kwa kidole. Ha Letsatsi ilikuwepo, imeandikwa vizuri kabisa, na mto umechorwa mbele yake na zahanati ng'ambo.

"Mama," akasema taratibu, "karani angeandika hivi, leo ningekuwa kwenu."

Alisema nguzo zilizoingia kwenye saruji hazing'olewi. Akatupa karatasi ya kuombea daraja la mwaka unaofuata, na hakutudanganya: mwaka unaofuata si yeye anayeupanga. Tuliijaza hapohapo. Mimi niliandika, jina la kijiji nikaliandika kwa herufi kubwa, kwa hasira ambayo sikuwa na wa kumpa.

Tulirudi mpaka bonde la pili. Hapo wifi akasimama.

"Usimwambie Baba Khopotso kwamba nimelitaja."

"Sitamwambia."

"Kosa lenyewe umwambie. Umwambie ni langu."

"Na langu. Uliniuliza, nikasema wanajua."

"Wewe ulikuwa unakoka moto," akasema, akaendelea kutembea. Alikuwa ananisamehe, na hilo liliniuma kuliko angenitukana.

Khethisa alisikiliza yote akiwa amekaa kwenye benchi la zahanati. Hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba basi atabaki huku, ameze dawa zake mpaka mto ushuke. Muuguzi akasema ni uamuzi mzuri, akamtafutia chumba kwa bibi mmoja mjane, nyumba ya mwisho chini ya mlima. Wifi aliupapasa ukuta wa chumba kile kwa kiganja. Ulikuwa na unyevu wa theluji ya mwezi wa saba. Mlima umesimama nyuma ya nyumba ile, jua linafika limechelewa na kuondoka mapema, na ukungu wa mto unapanda mpaka kitandani. Alimwambia muuguzi kwamba mtu wa kifua hawezi kulala hapo. Muuguzi akamuuliza alale wapi. Upande wenye jua hauna dawa, wenye dawa hauna jua.

Wakapanga hivi: wifi arudi nyumbani siku nne tu, awagawe watoto kwa ndugu, apange mifugo, kisha aje akae na mumewe mpaka mvua ziishe. Tulivuka jioni. Maji yalikuwa kifuani na mawingu yamejaa chanzoni mwa mto. Alfajiri tulipoamka kivuko hakikuwepo. Mto ulikuwa rangi ya udongo na ulibeba mti mzima.

Sitaki kuisimulia sana miezi ile. Wanaume walijaribu kwa kamba na farasi, farasi akachukuliwa. Binamu yetu alijaribu kuzunguka kwa daraja la juu, akarudishwa na kijito cha pili. Kupiga kelele hakusaidii, Senqu ikijaa inakula sauti ya mtu akiwa bado hajamaliza kuitoa. Kilichobaki ni kuangalia. Kila asubuhi Khethisa alitoka akalitandaza blanketi lake juu ya ukuta wa bibi yule, kutuonyesha ameamka. Blanketi lake lilikuwa la rangi ya njano, na wifi aliliona kabla ya mtu yeyote. Kazi zake zote alizihamishia ukingoni. Alipukuchulia mahindi hapo, alishonea hapo, alinyoa watoto nywele hapo. Mwezi wa kumi na moja kaka alisimama kidogo baada ya kutandaza, akapunga mkono. Mwezi wa kumi na mbili alitandaza akarudi ndani. Baadaye ni bibi ndiye aliyelitandaza.

Na sisi tulikaa juani. Hilo ndilo lililokuwa linanitafuna. Migongo yetu ilikuwa na joto tamu, chemchemi inatiririka, mahindi yanakomaa kwenye vibaraza, kila kitu ambacho babu alikifuata tunacho, na ng'ambo kule, mahali ninapoweza kuhesabu kuku wa watu, kaka yangu anakohoa kwenye ukuta mbichi. Nililichukia jua letu. Nilimchukia na babu kwa kuteremsha mizigo pale, ingawa ningekuwa yeye ningeiteremsha palepale.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza blanketi halikutoka. Siku ya pili halikutoka. Siku ya tatu tuliona watu sita wanapanda mlima na masepetu, wanachimba juu kidogo ya zahanati, kwenye ardhi ya watu wengine. Wifi aliwaangalia wanavyochimba tangu mwanzo. Mkuu wa kijiji kwetu huzikwa kando ya zizi lake, miguuni mwa baba yake. Lakini joto lilikuwa kali na mto hauna adabu, wangemweka wapi mpaka mwezi wa nne? Hata mimi ningewaambia wamzike.

Adhuhuri mstari wa watu ulitoka nyumbani kwa bibi. Watu wachache, wadogo mno. Waliposimama juu ya shimo ukungu ulipanda kutoka korongoni, ukaziba mlima wote.

"Unaona?" wifi akaniuliza.

"Sioni."

"Wewe macho yako ni mazuri. Angalia."

Niliangalia mpaka macho yakauma. Palikuwa na weupe tu. Tulisimama hivyo, kijiji kizima, wanaume wamevua kofia bila kujua kama maombi yameanza au yamekwisha. Ukungu ulipofunguka watu walikuwa wameshateremka na udongo umeshainuka.

Wifi aligeuka akaenda nyumbani, sisi nyuma yake. Nilidhani anaenda kulala kwenye godoro la mfiwa. Alichukua beseni kubwa, akaenda chemchemini mwenyewe, akalijaza. Akakata jani la mshubiri, akalipasua, akalitumbukiza majini, akaliweka beseni langoni mwa ua. Ndivyo kwetu wanavyowekewa watu wanaotoka makaburini, wasafishe mikono kabla ya kuingia.

Nikamfuata nikamwambia polepole, "Wifi, nani atanawa? Waliomzika wako ng'ambo."

"Najua walipo."

Akasimama kando ya beseni, mikono ameikunja chini ya blanketi, anasubiri. Hakulia. Watu walikuwa wamekusanyika nje ya lango hawajui pa kuangalia. Hatimaye nilikwenda mimi nikainama, nikanawa. Binamu akanawa, akafuata jirani, wakafuata wanawake mmoja mmoja, na watoto wa marehemu wakaja mwisho. Tulinawa sote, mikono isiyogusa udongo, na tulipomaliza maji yalikuwa masafi vilevile.